Mbio za baiskeli: saa ya kuondoka iandikwe na itangazwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mbio za baiskeli za kuondoka mmoja mmoja, zile ambazo kila mshindani anapambana na saa peke yake. Huku Kanda ya Ziwa baiskeli ina mashabiki wa siku nyingi, na waandaaji wengi wangependa kuweka mbio za aina hii kwenye ratiba zao. Kinachowakatisha tamaa ni ugomvi wa matokeo. Ugomvi huo hauanzii kwenye utepe wa kumalizia kama watu wanavyodhani. Unaanzia kwenye mstari wa kuondokea, pale ambapo hakuna aliyeandika kwa uhakika nani ameondoka saa ngapi.

Katika mbio za kundi, mwanzishaji akichelewa sekunde tatu kubonyeza saa, kosa ni la wote na mshindi habadiliki. Katika mbio za mmoja mmoja, aliyefika wa kwanza utepeni anaweza kuwa wa arobaini kwenye matokeo. Muda wa mtu unapatikana kwa kuchukua saa aliyofika na kutoa saa aliyoondoka. Saa ya kuondoka ikiwa na kosa, hata ukiwa na mitambo ya fedha nyingi pale utepeni, hesabu itakuwa na kosa lile lile.

Ajabu ni kwamba kifaa cha kumaliza tatizo hili waandaaji wanacho mfukoni. Zipo programu za simu, za bure na za kulipia, zilizotengenezwa kwa kazi hii. Unaingiza orodha ya washiriki, unachagua aina ya mbio (wote kwa pamoja, kwa makundi, au mmoja mmoja kwa nafasi sawa za muda), nayo inampangia kila mtu saa yake, inahesabu kurudi nyuma kwa sauti, inatunza kumbukumbu na mwishowe inatoa matokeo kwa madaraja. Lakini programu haitamwokoa mwandaaji asiyejua kanuni za kuitumia, na hizo ndizo ninazotaka kuzieleza.

La kwanza ni kuachana na mtindo wa kuanzisha saa ya kupimia mbio anapoondoka mshindani wa kwanza, kisha kutoa dakika kwa wengine wote. Ile saa mtu akiibonyeza kwa bahati mbaya, mbio nzima imepotea. Simu ya mwanzoni na simu ya mwishoni zote zirekodi saa ya siku, kwa mtindo wa 09:47:00. Simu ikizimika katikati na kuwashwa tena, saa ya siku inaendelea pale pale. Tena simu mbili zinaweza kufanya kazi bila kuunganishwa na intaneti, moja ikashika saa za kuondoka na nyingine saa za kufika, halafu jioni mafaili mawili yakaunganishwa kwa namba za washiriki. Programu nyingi hutangaza uwezo wa kuunganisha simu kupitia mtandao papo kwa papo. Ni jambo zuri mjini. Kwenye barabara za nje, ambako mtandao unakuja na kukatika, usilitegemee.

Sasa orodha ya kuondoka. Waingereza, ambao mbio hizi wamezizoea mno, wana utaratibu rahisi: namba 1 anaondoka dakika moja baada ya saa kamili, namba 2 dakika ya pili, na kuendelea. Kwa hiyo mbio zikianza saa 3 asubuhi, namba 47 anaondoka 3:47:00. Hakuna haja ya kupekua karatasi. Mshiriki anajua saa yake kwa kutazama namba aliyovaa, mwanzishaji anakagua kwa jicho, na mtazamaji pembeni naye anaweza kuhesabu. Vilevile wale wenye kasi zaidi huwapa namba zinazoishia na sifuri, yaani 10, 20, 30, ili wenye nguvu wawe mbali mbali na wasije wakabebana barabarani kwa kukingiana upepo. Mashindano ya kimataifa ya siku nyingi yanafuata njia nyingine: aliye nyuma kwenye msimamo anaondoka kwanza, anayeongoza anaondoka wa mwisho. Zote mbili ni halali, ila iamuliwe mapema na itangazwe.

Nafasi ya dakika moja kati ya mtu na mtu inatosha kwa mbio nyingi. Sekunde 30 inawezekana, lakini mwenye kasi atawakuta wengi njiani na wanaomshikia baiskeli mshiriki wanakosa pumzi. Jambo ambalo waandaaji wengi wanalisahau ni nafasi za akiba. Tuseme mna washiriki 90. Msigawe namba 1 hadi 90 moja kwa moja. Rukeni namba 16, 32, 48, 64 na 81, na mgawe hadi 95. Wa mwisho ataondoka saa 4:35 badala ya 4:30. Dakika hizo tano ndizo zitakazowaokoa ng'ombe wakikatiza barabara, mnyororo ukiruka mstarini, au mtu akifika amechelewa.

Orodha hiyo huandaliwa kwenye kompyuta kama jedwali, kisha inapakiwa kwenye programu kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa alama ya mkato. Hapa kuna mitego. Jedwali hupenda kugeuza namba 007 kuwa 7. Ukiandika 9:01 bila sekunde, linaweza kusomwa kama dakika 9 na sekunde 1, na mshiriki akawa anaondoka usiku wa manane. Andika saa kamili kwa tarakimu zote, 09:01:00, na safu hiyo uiweke kama maandishi kabla ya kuhifadhi. Majina ya kwetu yenye alama ya king'ong'o kama Ng'wandu yanaweza kuharibika faili lisipohifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi unaochaguliwa wakati wa kuhifadhi faili. Na kwa kuwa Masanja wanaweza kuwa wanne katika mbio moja, kila kitu kiende kwa namba, jina lifuate. Ukishapakia, linganisha watu watatu kwa jicho: wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Wakiwa sawa hao, orodha haijateleza mstari.

Karatasi itakayobandikwa ukutani iwe na saa kwa mtindo wetu. Programu itaandika 10:12:00. Kijana aliyetoka kijijini akisoma kumi na dakika kumi na mbili, kwake hiyo ni jioni. Wekeni safu mbili, ya simu na ya Kiswahili, 10:12 na saa 4:12 asubuhi, na orodha itoke jioni ya kuamkia mbio, si asubuhi ile ile watu wakiwa tayari wamevaa.

Saa ya simu yenyewe haiaminiki mpaka umeikagua. Simu mbili zinazochukua saa kutoka mitandao tofauti zinaweza kupishana sekunde moja au zaidi. Ziweke mezani pamoja, fungua programu, bonyeza zote mbili kwa wakati mmoja kwa vidole gumba viwili, mara kumi, kisha tazama zinapishana kiasi gani kwa wastani. Kama ya utepeni iko mbele kwa sekunde 0.8, andika, na kila saa ya kufika itatolewa 0.8. Baada ya hapo zima kipengele cha kuweka saa kiotomatiki na uweke simu kwenye hali ya ndegeni. Usipofanya hivyo, simu inaweza kujirekebisha katikati ya mbio, nusu ya washiriki wakapata saa moja na nusu wakapata nyingine, na hakuna atakayejua kilichotokea. Simu iliyoachwa peke yake haipotei sana: mtambo wake wa saa kwa kawaida hukosea chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa saa nzima. Rudia ule mtihani wa vidole gumba baada ya mbio ili uwe na ushahidi.

Wenzetu wa Kagera na Kigoma waongeze tahadhari moja. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu. Simu iliyo karibu na mpaka ikinasa mnara wa upande wa pili, inaweza kubadili saa za eneo yenyewe na kurudi nyuma saa nzima. Chagua Dar es Salaam au Nairobi kwa mkono, ufunge hapo.

Pale mstarini wanahitajika watu wanne, na kila mmoja abaki na kazi yake. Mmoja anaita namba na kupanga foleni, akihakikisha watatu wanaofuata wako tayari. Wa pili anashika baiskeli kwa nyuma. Kazi yake ni kuachia, hasukumi. Wa tatu ni mwanzishaji mwenye simu, anayesimama pale mshiriki anapoweza kuona mkono wake: "Sekunde thelathini. Kumi. Tano, nne, tatu, mbili, moja, nenda." Wa nne ana karatasi na kalamu na saa ya mkononi iliyolinganishwa na simu, naye anaandika kila namba na saa aliyoondoka kweli, hata kama programu imeshaandika. Karatasi hiyo si ya kupendezesha meza. Simu ikipata joto la jua la saa tano na kujizima, karatasi ndiyo mbio.

Kuhusu joto, simu ikae chini ya mwavuli na isiwekwe juu ya boneti ya gari. Mwanga wa skrini uwe juu kabisa, kujifunga kwa skrini kuzimwe, pawabanki iwe imechomekwa tangu mwanzo. Simu ya kutunza muda isitumike kupokea simu wala picha za matangazo. Wasimamizi wawasiliane kwa simu nyingine. Spika isiyo na waya huchelewesha sauti kidogo. Kwa kuwa inawachelewesha wote sawa, haidhulumu mtu, lakini mwanzishaji afuate ama sauti ama skrini, asichanganye.

Nafika kwenye kosa linaloharibu mbio nyingi kuliko mengine yote. Namba 22 ameitwa, hayupo. Mwita namba, kwa nia njema ya kuokoa muda, anamwambia namba 23 asogee aondoke. Kuanzia hapo kila mtu ameondoka dakika moja kabla ya saa yake, huku programu ikiendelea kuamini orodha. Namba 23 mpaka wa mwisho wote wamepunguziwa dakika moja ambayo waliipanda. Wakigundua baada ya watu ishirini, wengine wamesharekebishwa na wengine hawajarekebishwa, na hapo hata mwamuzi mkuu hawezi kusema nani ni nani. Nafasi ya asiyekuwepo ibaki tupu. Watu wasimame kimya dakika nzima ipite. Kwenye programu namba 22 awekwe alama ya hakuanza, kwa sababu asipowekwa, itamhesabu kuwa yuko barabarani, na gari la mwisho litakwenda kumtafuta mtu ambaye yuko nyumbani kwake amelala.

Akitokea amechelewa je? Kanuni ya kimataifa iko wazi: muda wake unahesabiwa tangu saa iliyopangwa kwenye orodha. Namba 47 akifika saa 3:47 na sekunde 40, anaingizwa kwenye nafasi ya akiba ya 48 na kuondoka 3:48:00, lakini kwenye kumbukumbu saa yake inabaki 3:47:00. Akifika utepeni saa 4:20:41, muda wake ni dakika 33 na sekunde 41, ingawa amepiga pedali dakika 32 na sekunde 41 tu. Ni uchungu, na hauna upendeleo kwa mwenye jina. Mwaka 1989, Pedro Delgado wa Hispania, bingwa mtetezi wa Tour de France, alifika mstarini Luxembourg akiwa amechelewa dakika 2 na sekunde 40 kwenye hatua ya ufunguzi. Saa ilikuwa imeshaanza kumhesabu. Alimaliza mashindano yale wa tatu. Mashindano hayo hayo yaliamuliwa siku ya mwisho kwa mbio za mmoja mmoja za kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris, Greg LeMond akamshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8 baada ya wiki tatu za barabarani. Anayeona dakika ya kuondoka ni jambo dogo azitazame hizo sekunde 8.

Kesi ni nyingine kama kosa ni la waandaaji: gari la wagonjwa limepita, mshikaji amemwangusha mtu, au simu imehesabu vibaya. Hapo mshiriki anapewa saa mpya, inaandikwa kwenye programu kama saa halisi ya kuondoka, na kwenye karatasi inaandikwa sababu pamoja na saini ya mwamuzi mkuu papo hapo. Isiachwe kuandikwa jioni kwa kukumbuka. Na kama barabara imefungwa na wote waliobaki wanasubiri, wasogezwe kwa dakika kamili, tuseme 10, kwa kutumia kipengele cha kusogeza saa za waliobaki. Saa ya mbio isianzishwe upya. Waliokwisha kuondoka saa zao haziguswi.

Upande wa utepe sina mengi, maana wengi wanaujua. Ila mbio zikiwa za kwenda na kurudi barabara ile ile, kilomita 20 kwa jumla, mwenye kasi ya kilomita 40 kwa saa anarudi baada ya nusu saa. Namba 1 atakuwa amerudi 3:31, wakati zaidi ya nusu ya washiriki bado hawajaondoka. Kwa hiyo timu ya mwanzo na ya mwisho ziwe mbili tofauti, na mistari yenyewe ipishane angalau mita 100 ili anayemaliza kwa kasi asivamie foleni. Mtu mmoja asimame mita 50 kabla ya utepe akipaza sauti namba inayokuja. Mwenye simu abonyeze gurudumu la mbele linapogusa mstari, kwanza abonyeze, namba aijaze baadaye. Wakija wawili pamoja, abonyeze mara mbili. Na pembeni kuwe na kamera inayorekodi video mfululizo, yenye saa ikionekana.

Programu itaonyesha sehemu ya mia ya sekunde. Msiitangaze. Kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, baiskeli inakwenda zaidi ya mita 11 kila sekunde, na kidole cha binadamu kinaweza kuchelewa au kuwahi kwa sehemu mbili za kumi, yaani mita mbili na ushee. Matokeo ya kidole yatolewe kwa sekunde kamili, na wawili wakilingana wapewe nafasi moja. Anayetaka sehemu ya mia atafute mitambo yake, ya chipu anayobeba mshiriki na mkeka wa mstarini unaoisoma, mwanzo na mwisho.

Waliofuatilia mashindano ya dunia ya barabarani Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, wanakumbuka Remco Evenepoel wa Ubelgiji alivyomkuta Tadej Pogačar aliyekuwa ameondoka dakika mbili na nusu mbele yake. Kila aliyekuwa kando ya barabara alielewa maana yake bila kuambiwa, kwa sababu saa za kuondoka zilikuwa zinajulikana. Huo ndio utamu wa mbio hizi: ukiwa na orodha mkononi, unamhukumu mtu kwa macho yako mwenyewe. Na mkutwaji ana wajibu wake. Kanuni inasema anayepita aache mita 2 ubavuni, na baada ya kilomita moja aliyepitwa awe mita 25 nyuma, asijifiche kwenye upepo wa mwenzake. Msimamizi wa barabarani hawezi kulisimamia hilo kama hana orodha ya nani anapaswa kuwa wapi saa ngapi.

Ombi langu kwa vyama vya baiskeli vya mikoa ni hili: fomu ya matokeo iwe na safu tatu za muda, yaani saa ya kuondoka, saa ya kufika na muda uliotumika, na ibandikwe ubaoni nusu saa nzima kabla ya zawadi kutolewa ili mwenye pingamizi alete. Mshiriki akiona amepewa dakika 34 na yeye anajua ni 33, atatazama safu ya kwanza na kusema, "Mimi sikuondoka 3:46, niliondoka 3:47," na karatasi ya yule mtu wa nne itafunguliwa. Zawadi ikishatoka, kuinyang'anya kwa mtu ni vita.

Na kwako Mhariri, waandishi wako wanapoleta habari za mbio hizi, wawaombe waandaaji safu hizo tatu, japo za kumi bora, na mzichape kama zilivyo.

Wako katika michezo,
Mtunza muda wa mbio za baiskeli,
Shinyanga